Mavi ya Ndama wa Mzee Nkwabi

Jumapili, Julai. Kiangazi kimekaza. Asubuhi kulikuwa na baridi ya kuuma masikio, na alasiri hii vumbi limeingia hadi kwenye sufuria zilizofunikwa. Viganja vyangu vimechubuka, kwa hiyo naandika kwenye simu kwa kidole kimoja.

Nina hasira. Nalisema hilo kwanza, ili anayefungua blogu hii kwa ajili ya picha za kuta nzuri aondoke mapema. Nimeamka na hasira, nimeenda nayo kanisani, nimepokea nayo komunyo, nimerudi nayo. Padri amehubiri kuhusu kusamehe. Nilimtazama tu.

Leo nimeukwangua kwa jembe ukuta niliouchora mwenyewe.

Kwa wageni: naitwa Evodia, nimeolewa huku upande wa Nyarubungo, na kazi yangu ni kuchora kwa mavi ya ng'ombe. Cheka, ukimaliza tuendelee. Kazi hii nilifundishwa na bibi mzaa mama, aliyevuka kutoka Rwanda miaka mingi kabla ya makambi ya wakimbizi ya Benaco na Lukole, akaja nayo mikononi kwa kuwa mgongoni alibeba mtoto na kichwani godoro. Unachanganya mavi na majivu ili harufu ife na wadudu wasije. Unayapaka ukutani kwa vidole mpaka mstari unavimba na kuinuka. Unaacha yakauke, unasugua kwa jiwe, ndipo unatia rangi ya udongo mweupe, udongo mwekundu na masizi. Bibi alichora mistari na pembe tu. Hakuwahi kuchora mnyama, na sikuwahi kumuuliza kwa nini.

Si kila mavi yanafaa. Kiangazi ng'ombe mkubwa anakula majani makavu, mavi yake yamejaa nyuzi, yakikauka yanapasuka. Unahitaji ya ndama anayenyonya, laini kama uji wa mtoto. Na katika kijiji hiki, mwenye ndama wa maana ni mmoja, Mzee Nkwabi.

Mzee Nkwabi ni Msukuma aliyehamia huku na mifugo yake kabla mimi sijaolewa. Zizi lake na nyumba yetu vinatenganishwa na njia ya kupita mtu na baiskeli. Kwa muda wote niliokuwa nikifanya kazi ya ukuta huu, kila asubuhi nilikwenda na ndoo. Nikisema shikamoo baba, anajibu marahaba mwanangu, umekuja kuchukua mboga? Utani ule ule kila siku, na kila siku nilicheka, kwa sababu mavi yalikuwa mazuri. Mazuri kupita yote yalikuwa ya ndama mmoja jike mwenye baka jeupe usoni. Mzee mwenyewe alikuwa ananitengea ya huyo kwenye jani la mgomba.

Hakuniuliza nachora nini. Mimi nilidhani anajua. Yeye alidhani nachora ng'ombe.

Sasa nimlete Irene. Irene ni dada wa mradi wa kuhifadhi mbwa mwitu. Alikuja hapa na wenzake, akaona kuta za nyumba yangu, akasema sanaa ndiyo itakayowaokoa wale mbwa wa upande wa hifadhi, maana vipeperushi watu wanawashia moto jikoni. Hapo alisema kweli. Akataka nichore mbwa mwitu kwenye ukuta wa stoo ya josho, mahali ambapo kila mfugaji wa kata lazima apite kuogesha ng'ombe. Nikamwambia, dada, josho ndipo watu wanapokuja na mifugo yao, na wewe unataka wakute picha ya kinachokula mifugo yao. Akasema ndiyo maana halisi ya elimu.

Halafu akaleta maneno ya kuandika juu: MBWA MWITU NI RAFIKI WA KIJIJI. Nilimuuliza, rafiki wa nani? Mtaje jina. Akacheka, akadhani natania. Maneno yale aliyaandika yeye mwenyewe kwa rangi ya mafuta, herufi kubwa nyeusi, kwa sababu mimi nilikataa kuyagusa.

Alitaka pia wawe wanatabasamu. Mbwa. Nilikataa hilo pia, na tukaelewana shingo upande.

Nikiri jambo moja. Mimi siwapendi mbwa mwitu. Watu wa mradi walinipiga picha nimekaa mbele ya ukuta wakaandika kwamba ninawapenda tangu utotoni. Utotoni Ngara niliambiwa nikiwaona nipande mti. Niliwahi kuwaona mara moja tu, mwaka juzi, natoka kuchukua udongo mweupe upande wa kilimani. Walikatiza njia mbele yangu wakikimbia, wamejaa madoa, masikio makubwa kama majani ya magimbi. Hawakunijali hata kidogo. Nyuma alikuwepo mmoja anayechechemea. Wale wa mbele walifika ng'ambo ya njia wakasimama, wakamgeukia, wakangoja. Akafika, wakaendelea.

Nilikuwa mjamzito wakati huo, nimebeba gunia la udongo kichwani, na mume wangu alikuwa ametangulia mbali kabisa. Basi. Ndicho nilichochora. Kundi limesimama, limegeuza shingo, linamngoja anayechechemea. Sijawahi kuchora kitu kizuri namna ile na sitegemei kuchora tena. Nasema bila haya.

Jumanne iliyopita mbwa walimkamata ndama mwenye baka jeupe. Alibaki nyuma ya wenzake kwenye kichaka wakati wa kurudi kutoka mtoni. Nilisikia kelele nikiwa jikoni, na jioni nikajua ni nani.

Uzinduzi wa ukuta ulikuwa Jumatano. Ukuta ulikuwa umefunikwa turubai kwa sababu Irene alitaka watu washtuke kwa furaha. Nilimpigia simu, nikamwambia tuahirishe, jirani yangu amepoteza ndama. Akasema pole sana, lakini watu wa kamera wameshaondoka Mwanza asubuhi. Nikasema sawa. Nilisema sawa kwa sababu na mimi nilitaka watu wauone ukuta wangu. Nilitaka wanyamaze kwa mshangao.

Walinyamaza kweli.

Ng'ombe walikuwa wamepanga mstari kwenye josho, wachungaji na fimbo zao, mwenyekiti wa kijiji amevaa koti. Turubai likashuka. Mzee Nkwabi akaja mbele, akaweka kiganja kwenye mgongo wa yule mbwa anayechechemea. Akakwaruza kidogo kwa ukucha, akanusa.

"Haya ni ya kwangu," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Ya ndama."

"Ndiyo."

Hakupaza sauti. Alisema, "Kwa hiyo kabla hawajamla kule, wewe ulikuwa umeshawapa hapa."

Irene akaingilia kati, akaeleza kuhusu mizania ya asili, na kwamba mzee anaweza kuomba serikalini kifuta machozi, zile pesa za waliopata hasara ya wanyamapori. Mzee bado ana machozi ya mahindi yaliyoliwa na tembo, hayajafutwa mpaka leo. Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu mgeni alikuja, na mwenyeji akaondoka pale na ng'ombe wake bila kuwaogesha.

Mkewe, Mama Kulwa, ndiye aliyenieleza siku ya pili kisimani. Kwao, kilichotoka zizini kinabaki cha zizi popote kitakapokwenda. Samadi ukiipeleka shambani, shamba lile lina ng'ombe ndani yake, na mwenye shamba analijua hilo. Kwa hiyo mimi, kwa macho ya Mzee Nkwabi, sikuchora mbwa. Niliwaingiza zizini kwake asubuhi baada ya asubuhi, kwa ndoo yangu, huku nikimwamkia. Mbwa walipokuja Jumanne walikuwa wanakuja kwao.

Nilimwambia Mama Kulwa huo ni upuuzi. Akajitwika ndoo yake, akasema, "Labda. Lakini ungemuuliza."

Kisha akaniambia jambo lililonikosesha usingizi mpaka leo. Mzee ameokota mabaki ya ndama, ameyafunika kwa majani nyuma ya zizi, na ametafuta sumu. Pango la mbwa wale analijua, liko kwenye korongo upande wa pili wa kile kilima kilichoungua moto wa kiangazi, na mwezi huu lina watoto.

Nilikwenda Ijumaa. Nilisimama mlangoni pa zizi, nikasema shikamoo baba. Hakuitikia. Nikarudia. Akaendelea kusokota kamba yake. Hapa kwetu mkubwa asipoitikia shikamoo, amekufukuza bila kunyanyua fimbo, na mimi nikabaki pale pale kama mbuzi aliyekataa kamba.

Nikamwambia sumu haichagui, itaua tai, itaua mbwa wa watu, na wajukuu zake mwenyewe wanachunga kule. Akasema wajukuu zake wameshaambiwa. Nikamwambia wale watoto wa mbwa hawakumla ndama. Akasema, watakula wakikua. Nilipoishiwa na maneno, nikampa nilichodhani ni zawadi. Nitamchora ndama wako, baba, pale pale ukutani katikati, mkubwa kuliko mbwa wote, na baka lake.

Ndipo aliponitazama.

"Ulishamchora," akasema.

Kisha akatoa sharti. Niwafute mbwa kabla jua la Jumapili halijazama, naye atamzika ndama. Nisipofuta, Jumatatu asubuhi anampeleka korongoni na sumu yake, na nani wa kumzuia aje.

Mtaniuliza kwa nini sikwenda kuwaita askari wa wanyamapori. Irene naye aliuliza hivyo hivyo kwenye simu, kwa sauti ya juu. Kwa sababu askari wakija hapa hawaji kwa mtu mmoja. Watapita kila zizi, watauliza nani analisha wapi, na kila mfugaji atajua ni mimi niliyewaita. Mzee atalala ndani, Mama Kulwa atabaki na wajukuu. Na mimi ndiye ninayeishi hapa. Irene anaishi kwenye gari.

Hapo nimemwonea. Irene alilia kwenye simu. Alisema ukuta ule si wangu peke yangu, kwamba umeshapigwa picha, kwamba watu wameanza kuusifu na kuuliza kuhusu wale mbwa. Alisema, "Ukifuta leo kwa sababu mtu amekutisha, kesho mwingine atakutisha ufute kingine. Utabaki na nini?" Ana haki, na hilo linaniudhi kuliko kama angekosea.

Jana nilikaa mbele ya ukuta mchana kutwa. Nilitafuta kosa lolote kwenye ile picha, nipate sababu ya kuichukia. Niliona mguu mmoja umekuwa mnene. Ni huo tu.

Niliwachukia wote. Nilimchukia mzee kwa kunipa sharti badala ya matusi. Nilimchukia Irene na urafiki wake wa rangi ya mafuta. Mume wangu naye, aliyesema kwani si mavi tu, utapaka mengine. Na mbwa wenyewe nikawachukia, ambao wana swala na ngiri pori zima, wakaja kumchagua yule. Kama ni kuumia, niliona heri waumie wao, wamelikoroga walinywe. Niliisema sentensi hiyo kwa sauti, peke yangu pale josho, ili nisikie kama naiamini.

Sikuiamini. Niliendelea kuwaona wamesimama ng'ambo ya njia, shingo zimegeuka.

Basi leo baada ya misa nimekwenda na jembe. Nilikuwa bado nimevaa gauni la kanisani. Watu walinifuata, wengine na simu juu. Mavi yaliyokauka vizuri ni magumu, hayabanduki kwa kubembelezwa. Unapiga pembeni mpaka yapasuke, kisha unaingiza ncha ya jembe chini ya mstari na kusukuma, na yanatoka mapande mapande na rangi yake juu. Sikio. Mkia. Kijana mmoja alipiga makofi kichwa cha kwanza kilipoanguka. Nikageuka nikamwambia ukipiga tena, hili jembe litakupata wewe. Hakupiga tena.

Hakuna aliyenisaidia. Nisingekubali.

Mzee Nkwabi alikuja nikiwa nimefika nusu. Alikaa kwenye bomba la josho, fimbo kati ya magoti, akatazama kama mtu anayengoja zamu yake. Hakusema asante wala hakutabasamu, na ninamshukuru kwa hilo, ningemrushia jembe. Yule anayechechemea nilimwacha wa mwisho. Nilimtoa kwa mkono, kipande kwa kipande, na hapo ndipo viganja vilipochubuka.

Nilipomaliza, nikageukia yale maneno ya Irene. Rangi ya mafuta haitoki kwa jembe. Nilipiga, nikapiga, nikatoboa plasta tu. Mzee akanyanyua fimbo.

"Hayo yaache," akasema. "Hayakutoka kwangu."

Kwa hiyo ukuta wa josho sasa uko hivi: chini plasta iliyojaa makovu, hakuna mbwa hata mmoja, na juu herufi kubwa nyeusi zinazosema mbwa mwitu ni rafiki wa kijiji. Irene akija ataukuta. Apige picha.

Nikadhani tumemaliza. Mzee akasema nikusanye. Vipande vyote, hata vumbi, ndani ya ndoo ile ile niliyokuwa nachotea. Nilitaka kumwuliza kama ana akili timamu. Lakini nikainama, nikazoa kwa mikono, watu wakitazama, na nikajitwika ndoo mpaka nyuma ya zizi lake. Nilijaza, nikamwaga lundo pale na kurudi, nikajaza na kurudi, mpaka chini ya ukuta pakawa peupe.

Shimo lilikuwa limeshachimbwa. Refu, refu kuliko la mnyama. Mama Kulwa alisimama pembeni akiwa amefunga kanga kiunoni. Mzee aliuondoa mfuniko wa majani na harufu ikatupiga wote watatu usoni. Akakitoa kifuko cha sumu mfukoni, akanionyesha ili nisiseme hakikuwepo, akampa mkewe akakichome kwenye jiko la nje. Nilimfokea kwamba sumu haichomwi, moshi wake unaua, tena jikoni, jamani. Wakatazamana. Tukaifunga kwenye mifuko ya nailoni, moja juu ya nyingine. Mama Kulwa atampelekea bwana mifugo kesho, na mimi nitakwenda naye, kwa sababu simwamini mtu yeyote wiki hii.

Tulimshusha ndama, mzee upande wa kichwa, mimi upande wa miguu. Alikuwa mwepesi mno. Kisha mzee akanionyesha lile lundo, na nikalimwaga lote juu ya ndama kwa ndoo. Masikio, mikia, madoa, yule anayechechemea na wale wanaomngoja. Walionekana bado, vipande vyeupe na vyekundu, mpaka udongo ulipowafunika. Mzee alikanyaga udongo kwa miguu yake peku taratibu, akizunguka.

Nikamwuliza, "Imetosha?"

Akasema, "Kwangu imetosha. Kwao sijui. Wao hawakuahidi kitu."

Nimenawa kwa sabuni na ndimu na bado nanuka. Simu imelia mara nyingi, ni Irene, sijapokea. Kesho nitapokea. Nitamwambia ukweli wote, na akitaka kunitukana nitamwacha amalize, kisha tutaona kama bado ana mradi na kama mimi bado nimo.

Na ninyi mbwa wa korongoni, ambao hamsomi blogu na hamjui jina langu. Leo mnalala na watoto wenu mkiwa wazima. Sikufanya hivi kwa mapenzi, kwa hiyo msinishukuru. Kesho kukipambazuka mtashuka tena kuwinda, na mtapita karibu na ng'ombe wa mtu yule. Piteni mbali. Sina ukuta mwingine wa kuwakombolea.